Daftari la Chama cha Miamba, Pentrehelyg

Jumanne ya pili ya mwezi, saa moja na nusu jioni,
chumba cha nyuma cha kanisa, hita moja, viti ishirini,
na sisi saba.
Mimi ndiye kijana wao, miaka sitini na moja;
nimepewa hazina kwa kuwa bado naona tarakimu.

Kabla ya chai husomwa daftari.
Tarehe tisa Mei, 1887: wanachama kumi na wanne
walipanda machimbo ya sleti, mvua ikawakuta,
wakarudi na mawe mawili na mafua.
Mvua ile ile hutunyeshea sisi kila Mei,
na bado twaenda, twagonga, twasikiliza:
jiwe zima hulia kama kengele,
lenye ufa hukohoa.

Hilo tumelirithi kwa Idwal Breese,
mchimbaji, vidole saba,
aliyepasua sleti kama afunguaye barua asiyoiharakia.
Kila tabaka alilipa jina la utani:
Shangazi, Mkate Mbichi, Deni la Jumamosi.
Ramani yake ingali ukutani. Wataalamu wa chuo
walikuja na vyombo, wakapima wiki mbili,
wakasogeza mstari mmoja, upana wa unywele.

Mchungaji Tudur Anwyl yeye alitafuta Gharika.
Miaka thelathini alilifukua tope la Nuhu,
akapata bahari juu ya bahari juu ya bahari,
kila moja na wafu wake.
Mahubiri yake yakazidi kuwa mafupi.
Jumapili moja alipanda mimbari, akaweka
konokono wa jiwe juu ya Biblia,
akakaa.

Halafu ukurasa wa 1911, wino umefifia:
"Trilobaiti, mzima, macho yote mawili.
Mletaji: mwanamke wa posta."
Basi.
Mnyama alipelekwa London, akapewa jina la bwana
ambaye hakuwahi kulowa viatu huku kwetu.
Sisi twamjua: Gwenllian Prosser,
aliyebeba barua za watu kwenda
na mawe kurudi, mkoba ule ule,
hata mkanda ukamchimba bega.
Picha yake hatuna. Tuna risiti za ada,
shilingi mbili na nusu, miaka arobaini bila kukosa,
ingawa kura hakuruhusiwa.

Juzi mlango ulifunguka katikati ya hesabu.
Mtoto, koti la shule, ngumi imefumba kitu.
Tukatoa lenzi, tukainama wote saba
kama kuku juu ya punje moja.
Lilikuwa tofali. Tofali jekundu, mto umelilamba
mpaka limesahau ukuta.
Katibu akanitazama. Nikachukua kalamu,
nikaandika polepole:

Tofali. Mtoni, chini ya daraja.
Mletaji: Nest Morwenna Pugh, miaka tisa.

Akasoma mwenyewe, akanisahihisha
herufi moja ya jina lake,
akaomba biskuti.