Tofali za Kulaza

Baba alijenga kwa kuongeza.
Mwaka alioajiriwa bandarini, vyumba viwili.
Alipozaliwa Nakiete, sebule.
Bonasi ya tisini na sita ikawa korido,
korido ikazaa vyumba vingine,
na tofali zote, nchi sita, alizilaza.
"La kusimama ni la kupangisha," alikuwa akisema,
"la kulaza ni la kufia."
Hakujua kuwa siku moja
kitu kisicho na mwili kingetaka kupita.

Kiboksi walichotuachia watu wa mtandao
kilikaa ubavuni mwa televisheni
na kikaishia hapo hapo.
Heriel alifanyia kazi za chuo
akiwa amekalia ndoo, mlango wa sebule.

Tukachanga kwenye grupu.
Heriel hamsini, mimi sitini,
Nakiete thelathini, nyingine "mshahara ukitoka".
Anko Kimweri alituma mikono ya kusali.
Laki na arobaini, nauli humo humo.

Mtaa wa Agrey, kijana wa duka
alizipanga ruta juu ya kioo taratibu,
kama muuza miwani.
Hii masikio mawili, themanini na tano.
Hii manne, laki na ishirini.
Hii sita, dada, hii hata jirani atakuja kukushukuru.
Na hawa mapacha watatu, weupe kama mayai,
mmoja mbele, mmoja kati, mmoja nyuma,
wanapokezana mtandao kama ndoo za maji:
laki nne na themanini.
Niliwatazama mapacha
kama mtu wa Kimara anavyotazama kiwanja cha Masaki.

"Vyumba vingapi?"
"Tisa."
"Ghorofa?"
"Hapana. Imelala chini, ndefu, behewa nyuma ya behewa."
"Ukuta?"
"Nchi sita. Za kulaza."
Akanyamaza.
Akaichukua ile ya masikio sita, akairudisha kwenye boksi mwenyewe,
na hapo ndipo nilipomwamini.
"Masikio hayatoboi tofali, dada.
Chukua ya manne na waya mita ishirini, elfu kumi na tano.
Halafu usiiache pale fundi alipokuachia.
Tafuta kitovu cha nyumba."
Ikabaki elfu tano. Nauli, na karanga.

Nikapima kwa hatua, Mama akinitazama.
Mlango wa mbele hadi jiko la nje, arobaini na moja.
Nikarudi nikihesabu upya.
Ya ishirini ikanisimamisha
mbele ya chumba cha Baba.

Miaka miwili kinafunguliwa kufagiliwa tu.
Ufunguo unalala kwenye kopo la majani ya chai,
na kopo linalala uvunguni mwa Mama.
Nikamweleza: mawimbi, kuta, masikio, kitovu.
Alichambua mchele wote hadi ukaisha.
"Yaani kikae kwake, ndipo tukipate sote?"
"Ndiyo, Mama."
"Kama alivyokuwa mwenyewe," akasema,
akapukuta ungo, akaenda kuinama uvunguni.

Sasa ipo mezani pake,
kati ya futikamba na redio iliyovimbiwa na betri,
taa nne za kijani, moja inakonyeza.
Heriel alipiga kelele toka chumba cha mwisho: vitatu!
Nakiete, ametoka zamu ya usiku,
alipata vijiti viwili, akalala navyo usoni.
Mpangaji wa uani bado ana kimoja,
tena mpaka asimame karibu na pipa.
Tutamfikia, mshahara wa mtu ukitoka.

Mlango tunauacha wazi, mchana na usiku.
Nilimwambia Mama ubao nao hula mawimbi.
Hula, ndiyo.
Kidogo sana.