Bado

Kwa lugha yetu mtu haulizwi akajibu hapana.
Umeolewa? Bado.
Umejenga? Bado.
Una watoto? Bado,
nawe unashusha macho, aliyeuliza anasema inshallah,
na sahani ya halua inapita.

Miaka kumi na mmoja nimekula halua ile.

Neno lenyewe, wanasema, asili yake huku huku.
Lilivuka na mababu, likakaa Unguja, likafundwa upole,
kisha likarudi na bibi mwaka wa sabini na tatu
pamoja na mbuzi ya kukunia nazi na cherehani bovu.
Sasa liko Al-Khodh, nyumba ya tatu ukishapita petroli,
linasubiri nami.

Aliyechora ramani, Mmisri mmoja mwenye haraka,
aliandika *chumba cha watoto* pembe ya kaskazini.
Hakutuuliza.
Ghalib ameweka humo baiskeli yake, gurudumu juu,
mimi napiga pasi kanzu, nasikiliza redio,
na ukuta umebaki rangi ya ndizi mbivu
kwa sababu hatujapata siku ya kuupaka nyingine.

Tulikubaliana ndani ya gari, tukitoka Nizwa.
Sikumbuki nani alianza.
"Unataka?"
"Sitaki. Wewe?"
"Ungetaka, ningetaka."
Tukayapita malori matatu ya saruji kabla hajaongeza:
"Lakini sitaki."
Tukacheka hata akapitiliza pale pa kukata.

Hakuna kisa zaidi. Watu wanataka kisa.
Wanataka mimba iliyotoka, daktari wa Bangkok,
jicho la mtu.
Watoto wa wenzangu nawapenda,
nimewakata kucha, nimewafuta matapishi begani mwangu,
nimerudi kwangu, nimefunga mlango,
na ndani sikuona pengo.
Nilipapasa. Nilitafuta kwa taa.

Shangazi Shinuna akaja kutoka Ibra na kombe:
aya kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe,
zikaoshwa kwa marashi, zikatiwa chupa iliyokuwa ya siki.
"Mafunda matatu, alfajiri, uelekee kibla."
Nikanywa mbele yake. Kwa adabu.
Hapo ndipo nilipoona haya,
si kwa tumbo langu, kwa ulimi.
Uamuzi wangu nimemtwika Mungu.
Wakisema *Hajajaalia*, naitikia,
kama kwamba Yeye ndiye aliyechelewa.

Jumanne, hospitali. Goti la kushoto tu.
Fomu ya Kiarabu: idadi ya watoto.
Sifuri ya huku ni nukta.
Nikaweka nukta.
Karani akaiinua karatasi kwenye mwanga:
"Bibie, hapa hujajaza, au wino umedondoka?"
Nikasema, nimejaza.

Ijumaa nikamwambia shangazi, jikoni,
mikono yangu imo ndani ya tui.
"Si bado, shangazi. Ni sitaki."

Friji ikanguruma, ikanyamaza.
Yeye anao tisa, na wajukuu hawajui Kiswahili
ila *njoo* na *chai*.
Nikangoja aniulize lugha hii nitamwachia nani,
maana hilo tu sikuwa na jibu lake,
na sinalo hata sasa.
Hakuuliza. Inshallah pia hakusema.
"Mimi nilikuwa napenda kushona,"
aliiambia birika.

Kisha akafungua friji, akaitoa chupa,
nusu yake imebaki, akaitazama dirishani,
mwanamke wa miaka sabini na moja,
akapiga funda. La pili. La tatu.
"Zafarani haimwagwi," akasema,
akapangusa mdomo kwa ncha ya leso
na kuniuliza chumvi naweka wapi.