Mkato

Kila asubuhi, kabla sijamvua soksi za usiku,
Bwana Lorimer huniuliza: "Wameafikiana?"
Nami humjibu: "Bado. Wamekwenda chai."
Huridhika. Mapumziko ya chai anayaamini
kuliko hotuba.

Helensburgh, mtaa wa juu, dirisha linaloitazama Clyde.
Mvua ya hapa hainyeshi, huning'inia,
kama mgeni aliyekwisha kuaga na bado kashika kitasa.
Nalipwa kwa saa: kumwogesha, kumlisha,
kumkumbusha jina la marehemu mkewe pale anapolitaka,
na kutolitaja pale asipolitaka.

Zamani alikaa safu ya pili, nyuma ya waziri,
yule ambaye picha za magazeti humbakiza bega.
Kazi yake ilikuwa maneno.
Si mazuri. Yanayoshika.

Siku kumi na tisa, kanisimulia mara nyingi na kila mara upya,
katika hoteli yenye zulia la rangi ya ini,
walibishania mkato mmoja.
*Zitateketezwa silaha zote zilizosajiliwa.*
*Zitateketezwa silaha zote, zilizosajiliwa.*
Bila mkato, ni zile za kwenye daftari tu.
Ukiutia, ni zote, na daftari ni maelezo.
"Meza," nikamwambia, "kwetu ni hii unayolia chakula,
na ni kile koo linachofanya."
Alicheka hadi kijiko kikamtoka mkononi.
"Basi ile yetu ilimeza," akasema.

Maana usiku wa ishirini aliuuza.
Aliwaachia mkato, wakampa ufunguo:
wakaguzi waingie ghala lolote, saa yoyote, bila hodi.
Mimi niliyelelewa Pangani, ambako hata mwizi
angeona haya kupita kizingiti kimyakimya,
nilikaa na sahani ya uji nikistaajabu:
kumbe amani nayo huanza kwa kukosa adabu.

Jumanne nyambizi ilipita, inatoka ghuba ya juu,
mgongo tu, mweusi, bila dirisha,
boti za polisi zikiizunguka kama vifaranga
waliosahau ni nani anayemlinda nani.
Jirani, Bi Dunnachie, alisimama bustanini
akipunga kitambaa cha kufutia vyombo.
Mwanawe yumo humo, haoni kitu.
Baadaye alituletea skonzi, za moto bado.
Bwana Lorimer alikula mbili, akaelekeza kidole majini.
"Ile," akasema, "hatukuijadili."
Bi Dunnachie akampangusa makombo kidevuni.
Hakuna aliyesema zaidi.

Usiku naandika barua.
Kwa simu kaka zangu hupiga kelele, karatasi haipigi.
Mama kaacha minazi kumi na mmoja,
na kumi na mmoja haigawiki kwa wawili
wala Athumani hajui kutoa, wala Mbwana kujumlisha.
Niliandika kila nililoweza, mwisho nikatisha:
*Sirudi mpaka mpatane.*
Nikaenda kuchemsha maji ya chupa yake ya kitandani.

Niliporudi kashika kalamu yangu.
Neno moja la Kiswahili hajui. Mkono unamtetemeka
kama wa mtu anayetia uzi sindano ndani ya basi.
Aliinama, akatia alama moja, akarudisha kalamu kwenye kifuniko:
*Sirudi mpaka, mpatane.*

Pale hasa, baada ya neno ambalo kwetu
ni la muda na ni la ardhi.
Ningeweza kuandika upya. Stempu nilikuwa nayo moja,
na bahasha moja, na usingizi.
Nikaipeleka posta hivyo hivyo.

Wiki ya tatu Athumani akapiga.
Sauti ya chini. Nilidhani kuna msiba.
"Dada, hapa penye mpaka umeweka kitu.
Ulikusudia nini?"
Mwaka mzima alikuwa hajaniuliza swali.

Chumba cha pili Bwana Lorimer alikohoa, akatulia.
Sikumjibu Athumani mara moja.
Nilikaa kidogo,
pale pale.