Hasi Kumi na Tano

Duara limegeuka yai.
Nililichora duara, naapa, kwa hesabu safi,
na jiwe kubwa la nyuma ya nyumba ya mama Holo
(ndilo pazia langu; hapa Mabatini mawe hayalipiwi kodi)
linanirudishia yai la kijani
lililobonyea upande wa ziwa
kama sufuria iliyokanyagwa.

Bujiku anasema ni TANESCO.
Kwa Bujiku kila kitu ni TANESCO: jino, mkopo, mvua.
Ni kweli, saa moja jioni mashine ya barafu ikianza kunguruma
taa za mtaa mzima huinamisha macho.
Lakini nimengoja hadi saa saba usiku,
barafu imelala, sangara wamelala juu yake,
mita inasoma mia mbili thelathini na mbili kwenye soketi,
na yai ni lilelile.

Basi ugonjwa uko ndani.

Nafungua kasha, zamani lilikuwa la king'amuzi.
Leza naifunika kwanza
kwa kizibo cha dawa ya kikohozi,
maana jicho halina spea, hata Makoroboi.
Fyuzi nzima.
Transfoma ina joto, joto la kawaida, la chai ya pili.
Chanya: kumi na tano.
Hasi: kumi na tano.

Sasa?

Nikakaa.
Usubi wa ziwani umeizunguka balbu,
mwingine umeanguka kwenye bodi. Nikaupuliza.
Nikakaa tena.

Ndipo nikakumbuka: nimepima bila mzigo.
Nilichomoa nyaya za vioo, nikaiuliza bodi ikiwa imekaa bure,
una nguvu?
Nani hana nguvu akiwa amekaa bure?
Hata mimi Jumapili ni kumi na tano kamili.

Nikavirudisha vioo kazini, vile viwili vidogo,
kimoja cha kulala, kimoja cha kusimama,
vikaanza kutetemeka vikichora,
na hasi ikashuka: kumi na nne, kumi na moja,
tisa,
ikabaki pale inasitasita
kama mtu aliyekuja kukopa na bado hajasema.

Kioo kinataka kwenda kushoto.
Kinafika nusu ya njia, kinaishiwa, kinarudi.
Hilo ndilo yai.

Nikaifuata hasi kwa ncha ya mita, kiungo kwa kiungo.
Dayodi nne, nzima zote.
Kisha kapasita: kichwani imevimba,
kidogo tu, kama ufizi.
Niliinunua mwenyewe Mlango Mmoja, shilingi mia nane,
muuzaji akaniapia ni orijino.

Nikachomoa umeme. Nikahesabu hadi sitini.
Mwenzake mzima, wa upande wa chanya,
bado akatema cheche kwenye bisibisi:
amekatiwa, lakini kinyongo anacho.

Saa nane na nusu za usiku nani atakuuzia kapasita?
Nikaing'oa moja kwenye televisheni ya chogo
ambayo dada yangu Minza aliniachia niitengeneze, mwaka juzi.
Ya volti hamsini, nene, haina haraka.
Minza atasamehe. Au hatasamehe.
Nikageuza miguu yake mara mbili kabla ya kulehemu,
kwa kuwa upande wa hasi chanya yake hukaa ardhini,
na hapo ndipo wengi hulipua.

Hasi, na mzigo wote mgongoni:
kumi na nne nukta tisa.

Nikatoa kizibo.
Mstari ukapita katikati ya usubi,
kila kidudu kikawaka mara moja, kikazimika,
na kule jiweni likakaa duara.

Dirisha la mama Holo likafunguka.
“Nkwimba! Unachora nini kwenye jiwe langu?”
“Duara, mama.”
“Duara tupu?”
“Tupu.”
Akalitazama kwa muda, kanga begani,
kama anayekagua mzani wa dagaa.
“Mbona limepinda pale?”

“Pale, mama,
ni jiwe.”