Mlango wa Buluu

Nyumba yangu imepangishwa mara tatu mwaka huu,
nami nimo ndani.

Wa kwanza walikuja Februari, mke na mume kutoka Bunda,
godoro juu ya guta, jiko limefungwa kwa kanga.
Mume aliniamkia, akauliza kwa adabu
nitahama saa ngapi.

Nikadhani wamekosea njia. Mabatini hapa
vichochoro vinapanda vikikwepa mawe,
mtu hupotea huku anaiona nyumba anayoiendea.
Lakini akatoa simu: mlango wangu wa buluu,
dirisha langu, pazia nililolishona mwenyewe,
na chini yake maneno:
*Vyumba viwili, sebule, maji saa zote,
unaliona ziwa ukiwa kitandani.*

Ziwa!
Kitandani kwangu naona jiwe.
Jiwe kubwa kuliko nyumba, limeegemea dirisha
tangu kiwanja hakijawa kiwanja,
na juu yake pimbi wanaota jua
wakinitazama kama wenye nyumba.
Maji ni Jumanne na Ijumaa, yakikumbuka.

Wa pili, Trifonia, mpimaji wa maabara,
amehamishwa toka Biharamulo, ana mkataba wenye muhuri.
Kodi ya miezi sita ameshaituma,
na hela ya kuonyeshwa nyumba asiyoonyeshwa.
Mwenye nyumba, unasema mkataba, ni Bwana Kulwijila.
Mume wangu aliitwa Lusotola
na yuko kaburini mwaka wa tisa.
Nikamwambia, mwanangu, tazama picha:
mpapai umesimama.
Nikampeleka kwenye kisiki.
Alikiangalia kisiki kama mtu anayesoma risiti.
Polisi walimpa namba ya jalada.
Simu ya dalali ilimpa sauti ya yule dada
asiyechoka kusema haipatikani.

Wa tatu alikuja usiku, mvua inanyesha,
Mugeta, wa chuo cha Malimbe, begi moja na ndoo.
Hakulia. Alisema: Mama, naomba basi niione sebule.
Nimeilipia.

Nikamwonyesha. Ufa wa ukutani, nao nikamwonyesha,
bomba linalokohoa hewa, harufu ya dagaa
upepo ukitoka Mwaloni, na lile jiwe.
Akacheka alipofika kwenye jiwe.
Hili hakulisema, akanena,
na mimi nikacheka, chai ikamwagika.

Asubuhi nikaenda naye kwa Mama Nkwimba,
mwenye chumba kidogo, kibaya, cha kweli.
Sasa alikuwa mkali kama karani:
akafungua bomba, akavuta maji ya choo,
akauliza LUKU ina jina la nani,
akaenda kwa jirani kuuliza tena.
Mama Nkwimba akanuna. Nikamwambia acha akague,
aliyeumwa na nyoka.
Hela zilihesabiwa mbele ya mjumbe,
noti moja moja, na kila mtu akatia sahihi,
hata mimi, sijui kwa nini.

Jumamosi nikanunua rangi ya kahawia,
nikaupaka mlango wote, juu hadi chini.
Picha sasa imekuwa mwongo kamili, nikasema,
nikalala usingizi mzito siku mbili.

Siku ya tatu nikasikia mwanamke njiani,
mtoto mgongoni, begi kichwani,
anauliza nyumba yenye mlango wa buluu.
Wanamjibu hakuna.
Akapanda hadi kwenye mawe ya juu, akashuka,
akapanda tena.
Mara zote mbili alipita mlangoni kwangu
na kahawia yangu haikumwambia kitu.

Nilitoka kumwita, khanga upande,
brashi kavu bado iko dirishani.

Kopo la zamani lilikuwa na kidogo chini.
Nimerudishia ubao mmoja tu, wa kwenye kitasa,
buluu ileile ya dalali.
Aliyeibiwa naye
apate pa kubisha.