Koki ya Kushoto

Kwanza funga maji ya nyumba nzima.
Bi Shirinbanu hajui koki kuu iko wapi.
Marehemu ndiye aliyejua, na hakumwambia mtu.
Naitafuta kwa kisigino, nikigonga ua hatua kwa hatua,
mpaka kifuniko cha chuma kinaitika
chini ya bogonvilia.

Hapa Parklands maji huja Alhamisi,
saa tisa za usiku, kwa kikohozi,
yakitema hewa, yakitema kutu,
ndipo yakumbuke kuwa ni maji.
Kwa hiyo hodhi hili halijaogewa miaka kumi.
Ni ghala. Kata ya plastiki inaelea juu yake,
na ile miguu minne ya simba iliyolibeba
imeota kutu kwenye kucha.

Koki ya kushoto inavuja.
Tone. Hesabu nne. Tone.
"Haba na haba hujaza kibaba," namtania.
"Kibaba cha nani?" anauliza. "Cha kanju?"

Napiga magoti. Mafuta ya taa kwenye hesi,
siki kwenye chokaa, kisha kungoja.
Shaba ya zamani haitaki ubabe:
ukiipinda kwa hasira hukatika shingoni,
ukabaki na kichwa mkononi
na mwenye nyumba mlangoni.
Naiviringishia kitambaa, meno ya spana yasiikwaruze.
Navuta, naachia. Navuta.
Robo.
Nusu.
Halafu mlio ule, kama kidole kikialika,
na vali nzima inatoka, nyeusi, inanuka sarafu.

Kwenye ncha ya mhimili kuna washa
(si ya kuwasha, ya kuziba)
ambayo hakuna duka lililowahi kuiuza.
Ngozi.
Ngozi ya mkanda wa suruali, imekatwa kwa wembe,
mviringo usio mviringo sana,
na tundu la mkanda ndilo tundu la kati.
Alilikuta tayari, akaokoa jasho.
Sijui alikuwa nani. Hakuacha risiti,
hakuandika jina nyuma ya kigae.
Najua tu kwamba duka lilikuwa mbali, au limefungwa,
au mfuko ulikuwa mtupu,
na kwamba alirudi kwake jioni ile
ameshika kiuno.

Mimi nilikwenda Kirinyaga Road jana.
Nusu inchi, ndogo. Robo tatu, kubwa.
"Siste, hiyo ni ya kizamani," kijana akasema,
"ng'oa yote, weka mpya, elfu tatu na mia tano."
Ilikuwa inang'aa. Niliinua, ikawa nyepesi kama uongo,
nikairudisha kaunta.
Leo nakata tyubu ya lori kwa mkasi,
naweka ngozi juu yake, nafuata ukingo wa mtu yule
na pale alipokosea nakosea naye kidogo,
kwa kuwa kiti cha vali kimeshazoea umbo lake.

Grisi. Utepe mweupe, mizunguko saba. Kaza, usikabe.

Ndipo naona: herufi zimefutika kwenye kauri,
na mabomba yamepishana tangu siku ya kwanza,
moto kulia, baridi kushoto.
"Nikubadilishie, mama? Nusu saa tu. Bei ile ile."
Anaweka kidole gumba juu ya koki,
anakizungusha bila kuifungua.
"Wageni tu ndio huungua," anasema.
"Acha."

Nafungua koki kuu. Nyumba inakohoa ukutani,
chumba kwa chumba, mpaka hapa.
Tunasimama wawili, tunatazama mdomo wa bomba.
Hesabu nne.
Hesabu nne tena.
Analipa mia nane baada ya kuililia kwanza,
ananiwekea chapati mbili kwenye gazeti.

Ngozi iko mfukoni mwangu, bado ina unyevu.
Langoni nashika mkanda wangu, nahesabu kwa kidole:
matundu sita.
Natumia la tatu.