Ndoo Moja, Ghorofa Sita

Tangazo lilibandikwa Jumatatu mlangoni mwa ofisi ya maji:
magari yasioshwe, bustani zisimwagiliwe,
na madirisha. Neno letu lilikuja la tatu,
baada ya maua.

Mimi Ezati, mwana wa Koboko,
mwaka wa kumi na moja huu naning'inia Mbarara
kwa kamba mbili na mkanda wa kiunoni,
nafuta vioo vya watu ambao viti vyao sijawahi kuvikalia.
Nilimwambia Nabaasa siku yake ya kwanza:
mtu akikiona kioo, bado hujamaliza.

Mto Rwizi umekonda. Pale darajani, mawe
ambayo babu yake Nabaasa aliyajua kwa nyayo tu
sasa yamejilaza juani kama ng'ombe wanaocheua.
Bomba letu hufunguliwa Jumatano, saa nane usiku;
hukohoa kwanza, kisha hutema kutu,
kisha maji, kisha hewa.
Dumu lililokuwa shilingi mia mbili
bodaboda analileta kwa elfu moja mia tano,
na ukimuuliza kwa nini, anakuonyesha tairi.

Basi tumejifunza ubahili.
Ndoo moja, ghorofa sita.
Juu kabisa, kwa meneja, maji ni maji.
Ghorofa ya nne yamekuwa chai ya rangi,
ya pili, bushera.
Ya chini tunaifuta kwa siki na magazeti makuukuu,
wagombea wa mwaka juzi wakichanika mikononi mwetu
huku bado wanatabasamu.
Ikifika alasiri, vumbi la barabara ya Masaka limerudi,
limekaa pale pale, wala halina kinyongo.

Wateja walikuwa tisa.
Wamebaki benki na daktari wa meno.
Hotelini walituaga kwa upole:
"Vumbi ni la Mungu, mtashindana naye?"
Na kweli, tangu vioo vyao vichafuke
sijaokota mnana aliyevunjika shingo.
Zamani nilikuwa nawaokota, wawili, watatu kwa wiki,
nawaficha kwenye mfuko wa sabuni, nanyamaza.
Walidhani ni anga.
Aliyewadanganya ni mimi.

Ijumaa benki wakanunua maji ya lori. Mgeni anatoka Kampala.
Nikapanda na ndoo iliyojaa hadi ukingoni.
Chini yangu foleni ya madumu ya manjano
ilikuwa imezunguka kona ya soko,
kila dumu na jiwe lake juu, au kandambili moja ya mwenyewe,
kushika nafasi.
Hakuna aliyenitukana. Walitazama tu ndoo inavyopanda,
kimya, kama watu wanaotazama jeneza likishuka.
Nilikamua kitambaa taratibu.
Sikuacha tone lianguke;
lingesikika.

Niliposhuka, mkono ulielekea mtaroni kwa mazoea.
"We! Usimwage!"
Kyarisiima, muuza gonja, na beseni lake la bluu.
Anataka kulaza vumbi mbele ya jiko,
na yatakayobaki, ana mche wa parachichi
anaoulea kwenye kopo la rangi.
Nikamwambia yana sabuni.
Akasema, hata mimi nina sabuni, na bado naishi.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Hawakumwona huyu akipangusa ukuta wa ndoo kwa kiganja,
akikung'uta vidole kimoja kimoja juu ya beseni.
Akanipa gonja mbili, za moto.
Nabaasa akacheka: "Mzee, umelipwa leo."

Tulikuwa tunakunja kamba nilipoinua macho.
Ghorofa ya sita, mgeni amesimama dirishani,
karibu sana, pua yake imekaribia kugusa.
Haoni kioo.
Anaona foleni, dumu kwa dumu, mpaka kule inakokata kona.

Akavuta pazia.